Sensa Iliyogoma Kutoka

Taa ya cheki injini ikikuwakia Dar es Salaam, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kung'oa balbu yake. Nimeusikia kwa mafundi wenye gereji za ukuta na geti, nimeusikia pia kwa wale wa chini ya mwembe. Hoja ina mantiki yake: kinachomkera mwenye gari ni taa, basi ikiondoka taa, kero imekwisha. Wenye huruma zaidi hubandika kipande cha solotepu nyeusi juu yake, ili siku ukiuza gari mnunuzi aikute balbu ipo palepale.

Taa ningevumiliana nayo. Kilichonishinda ni mafuta. Kigari changu, Toyota ya mtumba kutoka Japani, kilianza kunywa petroli bila haya, na huko nyuma kikawa kinatoa moshi mweusi wenye harufu kali. Jirani yangu akazoea kuanua nguo kila aliponiona nimeshika funguo. Hakusema neno. Aliniangalia tu, vibanio vikiwa mdomoni.

Fundi niliyempata mwishoni alikuwa na mashine ya kupimia, na mashine ikasema sensa ya oksijeni ya mbele imekufa. Kidude chenyewe ni kidogo, umbo lake halipishani sana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi kabla ya masega ya kusafishia moshi. Kazi yake ni kunusa moshi. Ndani mna kauri ya zirkonia ambayo ikishapata joto la nyuzi 300 hivi hulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, kisha hutoa umeme kiduchu: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kwa taarifa hiyo kompyuta hupima mchanganyiko, kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sensa ikifa, kompyuta inabaki kukisia, na ikikisia huwa na mkono mkunjufu kwa mafuta ambayo hailipii yenyewe.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuziuza sensa hizi mwaka 1976, zikafungwa kwenye magari ya Volvo yaliyokuwa yakipelekwa Marekani. Waliopanga jambo hili waliwaza sana namna ya kuiingiza. Kuitoa wametuachia sisi.

Maana sensa ni chuma kilichosokotwa ndani ya chuma, mahali panapoungua mchana kutwa na kupoa usiku kucha. Ongeza upepo wa bahari wenye chumvi, ongeza madimbwi ya masika ambayo hapa mjini tunayaita barabara, miaka ikipita vile vyuma viwili vinakuwa kitu kimoja. Na kwenye gari langu ekzosi imepita nyuma ya injini, imebanana na ukuta wa kabini, mahali ambapo mkono unaingia lakini kiwiko hakiingii.

Fundi akaingiza spana namba 22. Sensa ina mkia wa waya, kwa hiyo spana ringi haipiti mpaka uwe na soketi maalumu yenye mpasuo ubavuni. Yeye hakuwa nayo, akatumia spana ya mdomo. Akavuta. Akavuta tena huku mguu mmoja ameuegemeza kwenye bampa. Spana ikateleza, vidole vikagonga ukuta, na kona za nati zikaanza kulika. Spana boi wake akacheka, akakaripiwa, akatumwa maji ya kunywa.

Gari likiwa limefunguliwa boneti mtaani kwetu huwa ni mkutano wa hadhara. Aliyetangulia kufika ni kijana wa bodaboda, akasema dawa ni mafuta ya breki, na chupa anayo. Yakamwagwa. Muuza kahawa akasema mafuta ya taa ndiyo kiboko ya kutu. Yakamwagwa nayo. Mama lishe wa jirani akaleta soda nyeusi, kwa kuwa yeye hung'arishia masufuria, na hakuna aliyeweza kubishana na masufuria yale. Kisha akasogea mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi reli.

"Wanangu," akasema, "sisi reli hatukulazimisha chuma. Chuma kinabembelezwa."

Tukatulia. Akaomba nyundo.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini sensa yetu haikwenda mrama wala kombo. Haikwenda popote. Fundi akataka injini iwashwe kidogo, ekzosi ipate joto, na zile dawa zote zikaanza kuungua kwa pamoja. Ukapanda moshi mzito wenye harufu ya sukari, kituo cha mafuta na breki za basi la mikoani. Mtu akapiga kelele "Moto!" na nusu ya washauri wangu wakahamia ng'ambo ya barabara, ambako waliendelea kushauri.

Ndipo fundi akapangusa mikono, akanigeukia. "Bosi, naomba nikate waya."

Kelele zikakoma. Sensa mpya nilikuwa nimeshaishika mkononi, ile ya zamani ilikuwa maiti, hakukuwa na cha kupoteza. Lakini kukata waya wa gari mbele ya mwenye gari ni jambo linaloombwa kwa heshima kama posa, na mwenyewe anatakiwa akawie kidogo kujibu.

"Kata," akajibu mzee wa reli.

Waya ulipokatwa, spana ringi ikapita na kukaa barabara kwenye zile kona zilizobaki. Fundi akachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini ili kuurefusha, akajaribu mara moja, akaacha. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Ukiilazimisha ikiwa baridi, alisema, itatoka na meno ya ekzosi, halafu utanipa kazi ya wiki nyingine. Akamwita mchomeleaji wa ng'ambo na mitungi yake.

Mchomeleaji hakusalimia mtu. Alisogeza mipira na nyaya, akatandika gunia bichi nyuma, akaamuru chupa ya mafuta ya breki iondolewe haraka kwa sababu yanashika moto. Moto hakuuelekeza kwenye sensa bali kwenye chuma kilichoizunguka, ili tundu litanuke na kuachia. Chuma kikageuka bluu, kikawa chekundu kilichofifia. Fundi akavuta, ikalia kwiiii. Robo mzunguko mbele, ikarudishwa nyuma kidogo, mbele tena, vumbi jekundu la kutu likidondoka kutoka kwenye meno yake. Hatimaye ikatoka ikiwa imebanwa kwenye koleo, ncha yote imevaa masizi.

Bodaboda akasema mafuta ya breki ndiyo yaliyoila kutu, moto ulimalizia tu. Mzee akakumbusha habari za nyundo. Mama lishe hakudai sifa, alidai hela ya soda, na nililipa maana ndiye pekee aliyetoa dawa ya kununua. Mchomeleaji alikunja mipira yake, akachukua chake akaondoka bila maoni.

Meno ya tundu yakasafishwa. Sensa mpya ilikuja na grisi yake ya kiwandani kwenye uzi, ile inayozuia chuma kisishikane, na fundi akaikaza kwa mkono kwanza. Hapo spana boi akatokea mbio na tyubu ya silikoni nyekundu, "tupake, bosi, isivujishe moshi." Gereji zetu hupaka silikoni popote penye kiungo: sampu, kava ya tapeti, pampu ya maji. Lakini mvuke wa silikoni ukiifikia ncha ya sensa ni sumu, unaigandia na kuiua, na ningerudi kwenye kundi lilelile la washauri kabla mwaka haujaisha.

Nikamnyang'anya. Niliitia mfukoni, nikamlipa gharama yake na nikaondoka nayo. Mke wangu ameziba nayo sinki la jikoni, na mpaka sasa halivuji.