Kuhani wa Chumba na Sebule

Biblia yangu ina neno moja tu kwangu: zaka. Nifumbe macho, niombe, niifungue kwa heshima zote, kidole kitaangukia Malaki sura ya 3. Shangazi aliigeuzageuza siku moja akaona sababu. Ndipo ninapoweka bahasha ya ahadi, na mgongo wa kitabu umeshazoea kupasukia hapo. "Anayekusemesha ni gundi, mwanangu," akasema.

Nikamtajia Augustino. Si ndivyo alivyofanya kule bustanini Milan, mwaka 386? Alifungua, macho yakatua Warumi 13, maisha yakageuka. Ila haki isemwe: Augustino alikuwa na nyaraka za Paulo tu. Humo popote utakapotua utaambiwa uache jambo, na mtu hakosi la kuacha. Sisi wenye vitabu 66 ndani ya jalada moja tunaamka na swali la ndoa, tunajibiwa urefu wa mapazia ya hema.

Shangazi ni Mmoraviani wa Tukuyu, na Wamoraviani hawajibahatishii, wanabahatishiwa. Neno la kila siku hupigiwa kura Herrnhut, Ujerumani, miaka kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kitabu chake kinachapishwa tangu 1731, miaka 160 kabla wamisionari wao hawajafika Rungwe. Kwa Shangazi utamu uko hapo: aliyechota hakujua kama una kesi au una mafua, kwa hiyo hana upendeleo. Mimi nikaona kasoro iko hapohapo. Herrnhut hawamjui mwenye nyumba wangu.

Na mwenye nyumba ndiye aliyenikosesha usingizi. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa umeota ukungu wa kijani, naye kila nikimwita anasema ni kivuli. Basi nikaitoa ile bahasha, nikafumba macho, nikafungua. Mambo ya Walawi 14. Nani husoma Walawi kwa hiari? Lakini ilikuwemo: nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu ukutani, kuhani aitwe akague, mawe yenye madoa yang'olewe, lipu ikwanguliwe yote na kumwagwa nje ya mji, kisha ukuta upigwe lipu mpya. Sijawahi kuona mkataba wa pango uliomtetea mpangaji namna ile.

Nikambeba Musa kifuani hadi barazani kwa mzee. Akavaa miwani. Akasoma taratibu, mdomo ukichezacheza, nami nimesimama pembeni kama mwenye kesi iliyokwisha shinda.

"Umeusoma mstari wa 36?" akauliza.

Sikuwa nimeusoma. Mstari wa 36 unataka nyumba iondolewe vitu vyote kwanza, kabla kuhani hajaingia.

"Na wa 38?"

Wa 38 unafunga nyumba siku saba.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana nilikuwa nimeisahau kwa haraka ya ushindi.

"Marahaba. Anza na kabati."

Lipu alikwangua, sitamsingizia. Fundi alikuja na tindo, ukuta ukavuliwa mpaka matofali, kochi langu likakaa uani juani na mvuani, nami nikahamia kwa Shangazi, ambako Neno la siku husomwa saa kumi na moja alfajiri kwa sauti ya kuamshia mtaa. Kodi ya zile siku saba mzee aliidai yote. Nilimwomba anionyeshe mstari, akaniambia hiyo imo kwenye mkataba.