Jinsi ya Kuchelewesha Ndege Bila Kugombana na Mtu

Ukitaka bidhaa mpya ichelewe, usihangaike kuajiri mafundi wabovu. Hao hugundulika mapema. Chukua mafundi hodari, wagawe makundi, kisha uhakikishe hawasemezani. Anayetaka mfano atazame Airbus A380, ile ndege ya ghorofa mbili.

Anza na programu ya kuchorea. Watu wa Hamburg, Ujerumani, waachie CATIA toleo la nne, na wa Toulouse, Ufaransa, wape la tano. Akitokea mdadisi akauliza kama michoro itaelewana, mwambie programu ni ileile na kampuni iliyoitengeneza ni ileile. Atanyamaza, maana hakuna anayependa kuonekana mshamba kikaoni. Usithubutu kumweka mtu wa kulinganisha michoro ya pande zote mbili kila wiki. Mtu wa aina hiyo huuliza maswali.

Sasa subiri. Ndege moja ina nyaya za kilomita zipatazo 530, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni kubwa. Vipande vilivyofungwa nyaya Hamburg vilipofika Toulouse kuunganishwa, nyaya nyingine zilikuwa fupi, hazifiki pa kuchomekwa.

Hapa ndipo ngazi za uongozi zinapokuwa na faida. Kila ngazi iipunguze makali habari kabla ya kuipandisha. Fundi akisema, "Bosi, nyaya hazifiki," msimamizi aandike kwamba kuna changamoto ndogo ya nyaya. Meneja aandike kwamba changamoto inashughulikiwa. Mkurugenzi apokee taarifa yenye rangi ya kijani kibichi na neno moja: vizuri. Fundi akitaka kwenda kumwona mkurugenzi mwenyewe, mkumbushe utaratibu. Utaratibu ni silaha nzuri kuliko zote, kwa sababu hauhitaji mtu muovu, watiifu wanatosha. (Ofisi ambayo mkurugenzi hushuka karakana na kuuliza "Mnakwama wapi?" haifai kabisa kwa kazi hii.)

Ukifuata hatua hizi, wenye hisa watakuwa wa mwisho kujua, na watajua kwa kishindo. Juni 2006, ucheleweshaji ulipotangazwa tena, hisa za EADS, kampuni mama ya Airbus, zilishuka kwa zaidi ya robo ya thamani yake katika siku moja. Mwezi uliofuata wakuu wawili, Noël Forgeard wa EADS na Gustav Humbert wa Airbus, wakajiuzulu. Singapore Airlines ikapata ndege ya kwanza Oktoba 2007, baada ya kuingoja kama miaka miwili zaidi ya ahadi.

Onyo moja: usimpeleke fundi wa Hamburg akae Toulouse tangu mwanzo, ataharibu mpango wote. Ngoja mambo yakwame kwanza. Airbus nao walingoja, kisha wakawahamishia Toulouse mamia ya mafundi wa Kijerumani kuzifunga nyaya kwa mkono, ndege moja baada ya nyingine.