Sifa za MATLAB, karani wa kahawa

Python ina wapambe wengi, na JavaScript nayo haikosi wa kuishangilia. Mimi leo naomba nafasi niisifu MATLAB, lugha ya wahandisi, na pamoja nayo nimsifu yule mhandisi kijana wa Ngara ambaye, akiombwa na chama cha msingi programu ya kutunza hesabu za kahawa, hufungua lugha aliyofundishwa chuoni na kuanza kazi bila kuuliza kama duniani kuna nyingine.

Wenye kijicho watasema mahali pa lugha hii ni Rusumo. Ni kweli kwamba pale, chini kidogo ya mahali Ruvubu unapoungana na Kagera, ipo mitambo ya megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa kwa sawa, na hesabu za maji na umeme za namna hiyo ndizo chakula chake. Cleve Moler aliitunga mwishoni mwa miaka ya 1970, akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico huko Marekani, ili wanafunzi wake wapige hesabu za matriksi bila kuteseka na Fortran. Lakini orodha ya wakulima nayo si matriksi? Safu ya kilo, safu ya bei; zidisha kwa mstari mmoja tu, chama kizima kimeshajua malipo yake. Hapo hata adui hunyamaza.

Tena huhesabu kuanzia moja. Lugha nyingi huanzia sifuri, nami sijapata kumwona mkulima namba sifuri kwenye foleni ya mizani.

Usawa je? Ukiyaandika majina kama matriksi ya herufi, mtindo wake wa zamani, kila mstari lazima uwe na urefu uleule. Ana hawezi kukaa chini ya Nsabimana mpaka aongezewe nafasi sita tupu. Vyama vingapi vinawajali wanyonge kiasi hicho? Na uwazi ndiyo usiseme: sahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari, na jibu lote, mkulima kwa mkulima, linamwagika kwenye skrini mbele ya kila aliyekaa ofisini. Wakaguzi wamelipigania jambo hilo miaka mingi.

Ila sifa yake kuu ni huruma. Kijana wetu anajua kwamba siku hizi hakuna anayelipwa senti, na malipo hayawezi kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo anachagua uint32, namba kamili zisizo na alama ya kutoa. Chukua mkulima aliyeleta kilo 60 za kahawa ya maganda, tuseme kwa shilingi 3,000 kila kilo. Anastahili 180,000. Alikopa pembejeo za 240,000. Karani wa kalamu angeandika kwamba bado anadaiwa 60,000 na kumkumbusha mpaka msimu ujao. MATLAB hutoa 240,000 kwenye 180,000, ikaona jibu lingekuwa hasi, ikaandika sifuri. Haipigi kelele, haitoi onyo. Deni limekwisha! Kwa namba za aina hiyo, kinachovuka mpaka husimama mpakani, na mpaka wa chini ni sifuri. Hakuna ushirika uliowahi kusamehe kwa upole namna hii, na mwenyekiti hatajua mpaka muuza pembejeo abishe hodi.

Akitumia namba za kawaida, hasi itaonekana. Lakini hata hapo ipo faraja: iombe MATLAB kipeuo cha pili cha hasara, nayo haitagoma, itakupa namba ya kufikirika, yenye herufi i pembeni. Nimesoma taarifa za mapato na matumizi ambazo zingefaidika sana na herufi hiyo.

Kusafiri kwake nako kuna heshima. Programu ya kujumlisha kilo ikipelekwa Rulenge au Murusagamba kwenye kompyuta isiyo na leseni, husindikizwa na MATLAB Runtime, mzigo unaoweza kufika gigabaiti kadhaa. Ni kukodi lori kupeleka kibiriti. Asiyeweza leseni anayo GNU Octave, ya bure, inayoelewa sehemu kubwa ya lugha hiyohiyo (na iliyopewa jina la profesa wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel, si la muziki kama wengi wanavyodhani). Huruma yake kwa wadeni ni ileile.

Basi, viongozi wa vyama vya msingi vya Ngara, kijana huyo akija na kompyuta yake mpeni kiti, mpeni chai, mpeni na kazi. Ila daftari la karatasi msilichome, na safu ya madeni iendelee kuandikwa kwa kalamu.