Ukungu wa Ikungi

Gogo nililolichanja vizuri kuliko yote maishani mwangu lilikuwa kinu cha mama mkwe.

Leo ni siku ya tano na mlio wake bado uko masikioni: kah! Pigo moja, vipande viwili, kila kimoja kikalala upande wake. Magogo ya mgunga yaliyotangulia yalikuwa yamenitoa jasho. Kila penye fundo shoka linanasa, nami nalivuta huku nimelikanyagia gogo mguu, shemeji zangu wakitazama. Sasa hili limekubali bila ubishi. Nikajipongeza kimoyomoyo kwamba hatimaye binti yao ataonekana hakuolewa na mvivu. Nilipoinama kuvipanga vipande kwenye lundo, mkono ukapapasa uwazi wa mviringo, laini, wenye harufu ya uwele. Nikavua miwani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mkwe, hizo zitawaka vizuri." Nyuma yake mchi umeegemea ukuta, mjane.

Ijulikane kwamba kinu kilikuwa na ufa wa siku nyingi. Ijulikane pia kwamba ufa huo mimi siwezi kuutaja ukweni.

Miwani niliinunua Singida mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, baada ya kibanzi kuniruka jichoni mwezi uliopita. Siku hiyo nilipita sokoni jicho moja limefumba, wauza vitunguu wakadhani nawakonyeza. Nikachagua ile ya plastiki inayofunika macho yote mawili, yenye mkanda wa mpira wa kuzungushia kisogoni. Pakiti iliandikwa kwa Kiingereza kwamba haishiki ukungu. Pengine haishiki kweli, usoni mwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Tangu Jumamosi ile ya kinu sifikirii kitu kingine ila ukungu, na nakiri kwamba umenivutia. Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji, iweke mezani: mara inalowa. Haivuji, ni mvuke uliokuwa hewani umekutana na ubaridi ukageuka maji. Basi kichwa changu ndiyo meza, miwani ndiyo soda. Asubuhi za kipupwe upepo wa huku Ikungi, ule ule ambao kwa miaka Singida nzima tunaambiwa utatuzalishia umeme, unaipiga plastiki kwa nje hadi inakuwa baridi. Ndani yake kuna mtu anayehema kama fahali na kutokwa jasho. Mvuke hauna pa kwenda, unatua kwenye plastiki. Tena hautandai: unajikunyata kuwa vitone vidogo visivyohesabika, na kila kitone kinapindisha mwanga kivyake. Kwa hiyo si kwamba huoni. Unaona, ila unaona maelfu ya vipande vya kitu kimoja, na kinu kilicholazwa kikauke kinakuwa gogo kama magogo mengine.

Ajabu ni kwamba upepo huo huo ungeruhusiwa kupita ndani, ungefuta kila kitu. Ndiyo maana miwani iliyofikiriwa vizuri ina matundu juu na chini, yaliyokingwa ili kibanzi kisipenye. Yangu ina matundu manne. Nimeyachunguza kwa sindano. Mawili hayajatobolewa.

Niliirudisha. Muuzaji akaitazama miwani, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, miwani haina tatizo. Wewe punguza jasho."

Hapo ndipo kicheko kiliponitoka. Maana nikimkumbuka mama mkwe pale mlangoni, macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu, wala hakuwa ameingiwa na kibanzi. Ni moshi. Mimi nashika shoka nusu saa kwa mwezi na nimenunua kinga. Yeye anapuliza moto asubuhi na jioni tangu utoto, na sijawahi kuona duka lililotundika miwani ya mpishi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtungi mdogo wa gesi mama mkwe anao. Umekaa kona ya sebule, umefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, kwa sababu ulipoisha, kuujaza kulitaka hela ambayo kuni hazimdai. Mkwe anayetaka sifa angeujaza mtungi. Mimi nilibeba shoka.

Jumapili nilipaka sabuni ndani ya miwani. Maji yanatandaa kweli badala ya kujikunyata, ukungu ukaisha, kisha jasho likaishusha sabuni yote machoni.

Jumatatu nilijaribu mate, kama wanavyofanya wapiga mbizi kwenye barakoa zao. Yalidumu magogo matatu.

Jana nikakumbuka kwamba wenye misumeno ya mnyororo huvaa kofia yenye wavu wa waya mbele ya uso. Wavu hauna ukungu kwa sababu hauna kioo. Unazuia kibanzi, ingawa vumbi la mbao linapita. Madukani sikuupata, nikafunga machujio mawili ya chai kwa uzi. Naona vizuri kabisa, pamoja na watoto wa jirani waliojipanga uani kunitazama.

Fundi wa vinu anasema kipya kitachukua wiki mbili. Gogo nilete mwenyewe, na lisiwe limepasuliwa.