Tambarare Kabisa, Shemeji

Mtu akikuambia kwao ni tambarare, usimuulize milima iko wapi. Muulize upepo unatokea wapi. Shemeji yangu, ambaye amekaa Rotterdam miaka mingi, alitupigia ngoma hiyo tangu tukiwa bado Tanga tunahangaikia viza. "Tambarare kabisa, shemeji. Mnapanda baiskeli, mnaufuata mto, mnaangalia majumba ya kale, jioni mnalala. Hata jasho halikutoki." Mke wangu akakubali kwa niaba yangu, maana jambo likishasemwa na kaka yake huwa limepita.

Nami sikuwa na wasiwasi. Tanga ni mji wa baiskeli. Watu wanaziendesha kwenda kazini, sokoni, msikitini na harusini, na mtoto wa Ngamiani, mtaani kwetu, anajua kubeba abiria kwenye keria kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Tena nilikuwa nakwenda Uholanzi na nia ya kuwaonyesha Waholanzi kitu.

Kwenye duka la kukodisha, shemeji alichukua baiskeli ya umeme kwa sababu ya goti lake. Mke wangu akapewa ya umeme kwa sababu ni mgeni. Mimi nikaambiwa, "Wewe mtu wa Tanga, umeme wa nini?" nikakabidhiwa jibaiskeli jeusi, refu, zito, la aina ambayo Waholanzi wenyewe huiita ya bibi. Usukani wake umenyanyuka hadi ukilipanda unakaa wima kama unayepigwa picha ya pasipoti. Gia hakuna. Breki za mkononi hakuna. Ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kinyumenyume.

Sasa, aliyekulia kwenye baiskeli ya Phoenix ana mazoea yake. Akiwa mwendoni, akitaka kupumzisha miguu, hurudisha pedeli nyuma kidogo, si kwa sababu yoyote, ila kusikiliza cheni inavyolia. Ni starehe isiyolipiwa. Kwenye lile jibaiskeli starehe hiyo inaitwa breki ya ghafla, na miguu yangu ilikuwa na miaka arobaini na ushee ya kutojua habari hiyo.

Tulianzia Kinderdijk, tulikofika kwa boti ya abiria kutoka Rotterdam. Pale pana vinu vya upepo 19, vimejipanga kando ya mifereji tangu miaka ya kuzunguka 1740, na Unesco iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Wengi hudhani vilisaga nafaka. La, vilijengwa kwa kuteka maji tu, kuyatoa mashambani na kuyapandisha hadi yafike mahali pa kumwagiwa mtoni, kwa kuwa huko shamba liko chini na mto uko juu. Jambo hili hulielewi mpaka uwe juu ya tuta: mto Lek uko kushoto kwako karibu usawa wa magurudumu, mapaa ya nyumba yako kulia chini ya miguu yako, na ng'ombe wako chini zaidi, wanatafuna bila habari. Vinu vingi bado vinakaliwa na watu. Tulipita kimoja ambacho nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa hatua chache kutoka kwenye mabawa, nikamwonea huruma mama wa nyumba ile anayelazimika kuhesabu soksi zake kila jioni.

Shemeji alitueleza kwamba kinu kikisimamishwa, mabawa yake hutoa habari. Bawa likiachwa kidogo kabla ya kufika wima, mwenye kinu ana furaha, amepata mtoto au anaoza. Likiachwa limepita wima kidogo, kuna msiba. Siku ile hayakuwa na habari yoyote ya kutoa kwa sababu yalikuwa yanazunguka kwa nguvu, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Upepo wa Uholanzi mara nyingi hutoka magharibi. Shemeji alikuwa ameipanga safari nzima kwa hesabu hiyo: tuelekee mashariki, tusukumwe mgongoni, tufike tunacheka. Asubuhi ile upepo ukaamua kutoka mashariki.

Mlima una utu. Unapanda ukitukana, unafika juu, unateremka bure, na kule juu kuna mtu anauza machungwa. Upepo wa tambarare hauna kilele wala muuza machungwa. Unakanyaga, unakanyaga, ukiacha kukanyaga unasimama, na ukisimama sana unaanza kurudi Rotterdam. Zaidi ya hayo, kila kitu kinaonekana. Mnara wa kanisa la kijiji unachokiendea umeuona tangu saa moja nyuma, na kila ukiinua macho upo palepale, haukui. Kwetu mtu hufichwa na minazi, na kona, na kibanda cha mkaa, kwa hiyo anafika mahali bila kujua alikuwa mbali kiasi gani. Hata haja ndogo ni kazi. Hakuna kichaka. Kuna nyasi, mtaro, nyasi, mtaro, na ng'ombe wanaokugeukia wote kwa pamoja.

Wenzangu wawili walikuwa mbele wanapiga soga. Nilisikia kicheko cha mke wangu kikiletwa na upepo, kwa hiyo upepo ule ulikuwa na faida hiyo moja. Kisha kengele ikalia nyuma yangu. Wakanipita mabibi wawili wenye umri wa mama yangu mzazi, wamekaa wima, kila mmoja na betri yake, mmoja akiwa na kijimbwa ndani ya kikapu cha mbele. Walinisalimia kwa upole. Kijimbwa kiliendelea kunitazama mpaka kikawa nukta.

Kondoo nao. Matuta yale yanalishiwa kondoo kwa makusudi, wakate majani na kuishindilia ardhi kwa kwato ili mizizi ishike udongo na maji yasipate mwanya. Kazi nzuri, siipingi. Katika nchi ambayo mwaka 1953 bahari ilivunja matuta ikaua watu zaidi ya 1,800, na ambayo mwaka 1995 iliwahamisha watu wapatao robo milioni kutoka kandokando ya mito hiihii kwa kuhofia mafuriko, kondoo ni mtumishi wa serikali. Ila naye anajua kwamba ni mtumishi wa serikali. Analala katikati ya njia, unapiga kengele, anakutazama kama umefika dirishani kwake saa ya chai.

Schoonhoven, mji wa mafundi fedha, ulikuwa ng'ambo ya mto, na pantoni ndiyo inayovusha watu, magari na baiskeli. Kufika kwenye pantoni kuna mteremko. Ndio uliokuwa mteremko wangu wa kwanza siku nzima. Niliuona, nikaupenda, nikaacha kukanyaga, upepo ukapungua, mwili ukalegea, na miguu yangu, kwa furaha iliyoizoea tangu utotoni, ikarudisha pedeli nyuma isikilize cheni.

Gurudumu la nyuma liliganda juu ya bamba la chuma la kuingilia. Jibaiskeli likaserereka upande, mimi nikabaki wima nimelikumbatia, tumeziba mlango wa pantoni wote. Nyuma yangu kengele zikaanza, moja, tatu, kumi, hakuna anayepiga kelele. Mholanzi hutukana kwa kengele. Mkata tiketi alinijia, akaniangalia, akasema neno kwa utulivu.

"Anasemaje?" nikamuuliza shemeji.

"Anasema nauli ni ileile hata ukikaa hapo mlangoni."

Schoonhoven kuzuri. Mke wangu aliingia duka la vyombo vya fedha kuangalia kijiko, na hayo mengine ni mambo ya nyumbani.

Tuliporudi upande wa kusini tulipita Nieuwpoort, mji mdogo uliozungushiwa maboma, kisha tukaacha mto na kuingia mashambani kuelekea Gorinchem. Kule njia za baiskeli zina vituo vyenye namba. Unaziandika kwenye kikaratasi, unakibana kwenye usukani, unafuata vibao, huhitaji ramani wala kuuliza mtu. Mfumo mzuri sana, isipokuwa namba hazifuatani. Mimi nimekulia Ngamiani, ambako barabara zina namba zenye adabu: baada ya ya nane inakuja ya tisa, mgeni akipotea kajitakia. Huku baada ya 34 unaambiwa 81, kisha 7. Shemeji alikataa kutumia simu kwa kuwa simu, alisema, inaharibu ladha ya safari. Kikaratasi kikawa kimoja, na kikawa kwangu.

Upepo ulikichukua bila fujo. Kilipanda, kikazunguka, kikatua juu ya mtaro, juu ya yale majani ya kijani yanayofunika maji hadi yafanane na kiwanja. Hakikuwa mbali; mkono ulitosha, mguu mmoja ukisogea kidogo tu. Nikausogeza. Ukaingia maji hadi gotini, ukaendelea na tope, na tope halikuonyesha dalili ya kuisha. Wa pili ukafuata kumsaidia mwenziwe.

Shemeji alisimama ukingoni. Nilidhani anatafuta namna ya kunivuta. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Unajua, shemeji, hapo ulipo ndipo walipokwama Wafaransa."

Nikamwambia anipe mkono.

"Mwaka 1672," aliendelea, "mfalme Louis wa 14 alikuja na jeshi kubwa. Waholanzi wakafungua milango ya maji, wakazamisha mashamba yao wenyewe. Maji ya magotini tu. Ndiyo akili yenyewe! Mengi mno kwa farasi na mizinga, machache mno kwa mashua. Na mitaro haionekani, kwa hiyo askari anatembea vizuri, ghafla anazama hadi kifuani."

"Mpe mkono," alisema mke wangu, ingawa alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili, na baadaye nikajua kwa nini.

Njia ile ya kujilinda kwa maji, baada ya kupanuliwa na kujengewa ngome katika karne ya 19, nayo imo katika orodha ya Unesco tangu 2021. Nashuhudia kwamba bado inafanya kazi. Kikaratasi tulikipata. Wino wake ulikuwa umekwenda na maji.

Tulifika Gorinchem kwa kufuata minara ya makanisa, mbinu ya kale ambayo katika nchi ile inatosha. Kutoka hapo kiboti cha watembea kwa miguu na baiskeli hukuvusha hadi ngome ya Loevestein, ya karne ya 14, pale mito Waal na Maas inapokutana. Humo ndimo alimofungwa Hugo de Groot, mwanasheria aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1619 katika ugomvi wa dini na siasa. Miaka kumi nyuma alikuwa ametoa kijitabu cha kudai kwamba bahari haina mwenyewe, akiwajibu Wareno waliotaka kila chombo katika Bahari ya Hindi kibebe karatasi yao ya ruhusa. Watu wa pwani yetu, waliokuwa wakitazamana na Ngome ya Yesu pale Mombasa, walikuwa na hoja hiyohiyo kabla yake, ila wao hawakuipeleka kwa mpiga chapa.

Gerezani alikuwa anaishi na mkewe, Maria van Reigersberch, na vitabu vyake vilikuja na kurudi ndani ya sanduku. Walinzi wakachoka kulifungua. Tarehe 22 Machi 1621 Maria alimweka mumewe ndani, akalifunga, akamtuma mtumishi wao wa kike alisindikize kwa mashua hadi Gorinchem, na bwana akatoka mjini kwa nguo za fundi mwashi. Sanduku linaonyeshwa Loevestein. Linaonyeshwa pia Amsterdam, na Delft nako wana lao, kila mmoja akiamini la kwake.

Tulisimama mbele ya lile la ngomeni, mimi nikidondosha maji kwenye sakafu ya urithi wa taifa. Hadithi ilinigusa. Nikamgeukia mke wangu, nikamuuliza kama ningekuwa mimi ndiye niliyefungwa humu, je, naye angenitoa?

Alinitazama kuanzia kifuani, akashuka taratibu hadi kwenye kitambi, akatua hapo kwa muda.

"Kaka," akamwita shemeji, "hili sanduku lina urefu gani?"

"Kama mita moja na nusu hivi."

"Basi angebaki," alisema, akaenda kuangalia kama pale mkahawani wana kitu cha moto.