Dirisha Likisema Uongo: Mwongozo wa Kuweka Programu Kwenye Linux Bila Kuvunja Kompyuta

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliyefungua Synaptic, dirisha la kuwekea na kuondolea programu, ili uweke programu moja tu, ukakuta maandishi ya orodha hayasomeki, au mstari wa kazi umeganda, au dirisha lenyewe limegoma kutokea. Vidole vinawasha, na kitufe cha kuzimia kompyuta kipo karibu. Kwanza weka mikono mezani, kisha soma hatua hizi kwa mpangilio wake.

Jambo lenyewe ni zito. Debian 12, mfumo wa Linux uliotolewa Juni 2023, ulikuja na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000. Hakuna binadamu anayeweza kukariri majina hayo yote, ndiyo maana watu wanahitaji dirisha lenye orodha, visanduku na kisehemu cha kutafutia. Kwa mwalimu wa maabara ya kompyuta au karani aliyehamia Linux mwezi uliopita, dirisha hilo ndiyo Linux yenyewe. Likimwonyesha picha mbaya atafanya uamuzi mbaya, na ataufanya akiwa na mamlaka ya mtumiaji mkuu anayeweza kufuta chochote. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hitilafu ya mwonekano ni suala la urembo.

Hatua ya 1: Mjue anayeshika daftari

Synaptic ilianza mwaka 2001 katika kampuni ya Conectiva ya Brazil, na mpaka leo kazi yake ni kukaa juu ya wenzake wawili. APT hutafuta vifurushi kwenye seva, huvipakua na kupanga kipi kinakihitaji kipi. Dpkg huvifungua na kuvipanga kwenye diski. Dpkg ndiye mwenye daftari: faili la maandishi matupu liitwalo /var/lib/dpkg/status, ambamo kila kifurushi kimeandikwa jina lake, toleo lake na hali yake. Dirisha hulisoma daftari hilo, likapaka rangi, likakuletea.

Ubao wa mlangoni kwa mama ntilie unaweza kuandikwa pilau huku jikoni kukiwa na makande, na utakachokula kitatoka chunguni. Vivyo hivyo, ukishuku unachoonyeshwa, nenda kwenye daftari. Fungua terminali uandike dpkg -l, kisha jina la kifurushi. Herufi mbili za mwanzo wa mstari ndizo jibu. Ukiona ii, kifurushi kimewekwa kikamilifu. Ukiona rc, kimeondolewa lakini faili zake za mipangilio zimebaki. Ndiyo maana Synaptic bado inakitaja kwenye kundi la mabaki. Ukitaka kujua toleo ulilonalo na toleo linalopatikana, andika apt-cache policy na jina lile lile. Amri hizi mbili hazibadilishi kitu, wala hazihitaji nenosiri la mtumiaji mkuu. Zitumie bila woga.

Hatua ya 2: Maandishi yakipotea, usikimbilie kununua miwani

Umeweka mandhari nyeusi ili macho yapumzike usiku. Unafungua Synaptic, na baadhi ya mistari imegeuka vipande vya rangi hafifu visivyo na neno. Ukiinamisha skrini unaona kivuli cha herufi, lakini husomi kitu.

Maelezo yake ni haya. Synaptic ina desturi ya kupaka kila mstari rangi kulingana na hali ya kifurushi, na rangi zake za msingi ni nyepesi, zilizochaguliwa kwa ajili ya herufi nyeusi. Mandhari yako nyeusi nayo imeagiza herufi ziwe nyeupe. Kila upande umetimiza wajibu wake, na matokeo yake ni herufi nyeupe juu ya rangi nyepesi. Balaa ni kwamba mistari inayoathirika ni ile iliyobadilika hali, yaani uliyoiwekea alama ya kuongezwa, kusasishwa au kuondolewa. Mistari uliyohitaji kuisoma kuliko yote ndiyo iliyofutika.

Dawa yake ni rahisi. Ingia kwenye mapendeleo ya Synaptic, nenda kwenye ukurasa wa rangi, ondoa tiki kwenye kipengele cha kupaka vifurushi rangi kwa hali yake; au kiache kama kilivyo, uchague rangi nzito badala ya zile nyepesi. Visanduku vidogo vya pembeni mwa kila jina vitaendelea kukuonyesha hali: kijani ni kilichowekwa, cheupe ni kisichowekwa, chekundu ni kilichovunjika. Maana za alama zote zimeelezwa kwenye menyu ya msaada. Mpaka utakapomaliza kurekebisha rangi, usibofye kitufe cha kutekeleza. Usitie sahihi mkataba usiousoma.

Kuna dada yake hitilafu hii. Umepakua mandhari nzuri ukaiweka kwenye folda ya .themes ndani ya nyumba yako, programu zote zikapendeza, Synaptic ikabaki na sura ya kizamani. Synaptic hufunguliwa kwa jina la mtumiaji mkuu, naye ana nyumba yake na haji kutafuta mandhari kwako. Iweke mandhari hiyo kwenye /usr/share/themes, ambako watumiaji wote wanaiona, na tofauti itaisha.

Hatua ya 3: Dirisha likigoma kutokea, uliza linagomea nini

Oktoba 2017, Ubuntu 17.10, mfumo mwingine wa Linux, ilitoka ikitumia Wayland kama mfumo wake wa kawaida wa kuchora skrini, badala ya ule mkongwe wa X. Watu wakabofya Synaptic, wakaandika nenosiri, kimya. Hakuna dirisha na hakuna maelezo. Wengi waliamini programu imeharibika, wakaiondoa na kuiweka upya, ikagoma vile vile.

Ugomvi ulikuwa wa kanuni. Wayland imejengwa kwa imani kwamba programu yenye madirisha haipaswi kuendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, kwa sababu kila kipande cha programu hiyo, hadi kile kinachochora vitufe, kinapata uwezo wa kuharibu mfumo mzima. Imani hiyo ni sahihi. Synaptic nayo ilizaliwa zama ambazo programu nzima ilipewa mamlaka hayo tangu mwanzo. Aprili 2018, Ubuntu 18.04 ilirudi kwenye X kama chaguo la kawaida, lakini Wayland ilirudi baadaye na sasa ndiyo inayotawala.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu, andika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye terminali. Itakujibu wayland au x11. Ikiwa ni wayland na Synaptic haifunguki, njia inayojulikana ni xhost +si:localuser:root, inayomruhusu mtumiaji mkuu wa mashine hiyo achore kwenye skrini yako. Ukimaliza kazi, rudia amri hiyo ukiweka alama ya kutoa mahali pa alama ya kujumlisha, ili mlango ufungwe. Mlango huo usiuache wazi siku nzima. Njia nyingine isiyo na madhara ni kutoka, kisha kuingia tena ukichagua kikao cha X kwenye skrini ya kuingilia, kama mfumo wako bado unacho.

Hatua ya 4: Mstari ukiganda, kuna mtu anasubiri jibu lako

Hii ndiyo hatua inayookoa kompyuta nyingi kuliko zote, isome polepole.

Umeagiza kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer ili barua za ofisini zenye Arial na Times New Roman zikae vizuri. Mstari unasogea, unasogea, halafu unasimama. Dakika zinapita. Dirisha halisemi kitu. Unaamini limekufa, unalifunga kwa nguvu, au mbaya zaidi unazima kompyuta.

Halikufa. Kifurushi hiki kina mkataba wa leseni ambao lazima ukubaliwe kabla ya kuendelea. Swali hilo huulizwa na programu ndogo iitwayo debconf, ambayo ikikosa nyenzo za kuchora kidirisha chake hurudi kuuliza kwa maandishi, kwenye terminali ndogo iliyofichwa ndani ya dirisha la Synaptic. Bofya kishale cha maelezo chini ya mstari uliosimama. Utauona mkataba huo kwa maandishi, na chini yake kitufe cha kukubali ambacho kipanya hakikigusi. Bonyeza Tab hadi kitufe kiwake, kisha Enter. Likija swali la pili la ndiyo au hapana, lijibu kwa njia hiyo hiyo. Mstari utaendelea na safari yake.

Jiwekee sharti la kufungua maelezo hayo kila unapotekeleza jambo, hata kama yote yanakwenda vizuri. Na kama dirisha linakwambia kuna mwenzake amefunga daftari, usiende kufuta faili la kufuli lililoko /var/lib/dpkg kama wanavyoshauriana vijiweni. Kufuli limewekwa na programu nyingine iliyo kazini, mara nyingi ile inayosasisha usalama kimyakimya. Ukilivunja, wawili wataandika daftari moja kwa wakati mmoja. Subiri amalize.

Kama umeme umekatika katikati ya kazi, tatizo lina jina na lina tiba. Washa kompyuta, fungua terminali, andika sudo dpkg --configure -a, na dpkg itamalizia vifurushi vilivyofunguliwa lakini havijapangwa. Hujaharibu kitu kisichotengenezeka.

Hatua ya 5: Orodha mbili zikipingana, kila moja ina sababu

GNOME Software, dirisha jingine la kuwekea programu, inasema hakuna kipya. APT inasema vifurushi kadhaa vinangoja. Usiamue haraka kwamba mmoja ni mwongo. Madirisha ya aina hii huweka kumbukumbu yake ya pembeni na kuionyesha mpaka yatakapoburudishwa. Andika sudo apt update, kisha apt list --upgradable, upate hali ya sasa. Kwenye Synaptic, kazi hiyo hufanywa na kitufe cha kupakia upya. Hapo bando litatumika, kwa hiyo chagua wakati wako.

Wakati mwingine dirisha linasema kifurushi kina toleo jipya, unabofya, na hakiji. Ubuntu huachia baadhi ya masasisho kwa awamu: sehemu ndogo ya kompyuta hupata kwanza, na wakikuta kasoro mgao unasimamishwa kabla haujawafikia wengine. Tangu toleo la 21.04, APT yenyewe inaheshimu zamu hizo. Kama zamu yako haijafika, ngoja. Kungoja huko kunakulinda.

Na kama kisehemu cha utafutaji wa haraka hakionekani kwenye Synaptic ya Debian, hakijaibwa. Kinategemea kifurushi cha apt-xapian-index. Kiweke, nacho kitatokea.

Hatua ya 6: Ukihamia terminali, hamia na macho yako

Baadhi ya wataalamu watakwambia achana na dirisha, terminali haidanganyi. Ni kweli haidanganyi, lakini haimsaidii asiyesoma. Katika video iliyotoka Novemba 2021, Linus Sebastian, mtangazaji wa masuala ya kompyuta mwenye watazamaji wengi sana, alijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye mfumo wa Linux uitwao Pop!_OS. Duka la programu lenye madirisha likashindwa. Akahamia terminali. APT ikamwandikia orodha ndefu ya vitakavyoondolewa, meza yake nzima ya kazi ikiwemo, ikamtaka aandike sentensi kamili ya Kiingereza yenye maana ya “Ndiyo, fanya ninavyosema!” Akaiandika. Mfumo ukatii, na alipowasha tena hakukuwa na madirisha.

Kosa la awali lilikuwa la mpangilio wa vifurushi, si lake. Na watengenezaji hawakumcheka: kabla mwaka haujaisha, APT 2.3.12 ilikuja ikiwa haimruhusu tena mtu kufuta sehemu muhimu za mfumo kwa kuandika sentensi tu. Malalamiko ya mtumiaji mmoja yakawa ulinzi wa wote. Wewe nawe jizoeze kufanya mazoezi kabla ya mechi: apt -s install na jina la kifurushi huonyesha yatakayotokea bila kuyafanya. Soma sehemu ya vitakavyoondolewa mpaka mwisho. Ukiona jina lenye neno desktop humo, simama.

Hatua ya 7: Toa taarifa, maana asiyesema hasikiki

Usione vyaelea, vimeundwa. Nyingi ya programu hizi hutunzwa na watu wachache, baadhi yao kwa kujitolea baada ya saa za kazi. Hawana skrini yako, hawana mandhari yako, hawatajua kwamba mistari imefutika mpaka uwaambie. Mwenye Debian aandike reportbug synaptic. Mwenye Ubuntu, ubuntu-bug synaptic. Zana hizo zitakusanya zenyewe matoleo ya vifurushi vyako.

Kisha ongeza mambo manne: ulifanya nini, ulitarajia kuona nini, uliona nini, na kama ni wayland au x11. Ambatisha picha ya skrini. Kama ujumbe wa kosa umetoka kwa lugha nyingine, rudia amri ukiitanguliza na LC_ALL=C ili utoke kwa Kiingereza ambacho mtunzaji atakitafuta ndani ya msimbo wake. Usiandike “haifanyi kazi”. Andika “nikichagua kifurushi cha kusasisha nikiwa na mandhari nyeusi, jina lake halisomeki.” Sentensi kama hiyo mtengenezaji anaweza kuianzia kazi siku hiyo hiyo.

Iandike leo, kabla hujasahau ulichokiona. Mwingine mwenye tatizo lako atafungua dirisha lile lile kesho, na huenda yeye hajui kwamba kuna daftari chini yake.