Ua Lenye Baruti

Jirani aliyenipa kipandikizi alisema ni dawa ya tumbo. Shemeji yangu akadai ni mboga ya Kihindi, akachuma jani alitafune. Mke wangu akamnyang'anya likiwa mdomoni. Simu ya mwanangu, baada ya kumaliza mega zote za wiki, ikajibu kuwa ni ixora. Hapa Mulungwishi kila apitaye njia ya kwenda Likasi ana jina la mmea mfukoni, ila kuinama autazame mmea wenyewe, hilo hana wakati nalo.

Niliinama mimi. Majani yalikuwa yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ixora nayo iko hivyo, lakini petali zake ni nne na zimepangika sawa pande zote. Hili ua letu, la rangi ya chungwa, lilikunjua petali zote upande mmoja kama upepeo, na kila ua lilichomoza nyuma ya jani dogo kwenye shuke la kijani. Mashuke ya namna hiyo ni ya kawaida katika ukoo wa Acanthaceae, wenye aina zipatazo 4,000. Hata mchu, ule mkoko wa pwani ya Lamu na Zanzibar, wataalamu wameuhamishia humo. Mmea wangu ni Crossandra infundibuliformis, wa India Kusini na Sri Lanka, ambako wanawake hupamba nywele kwa maua yake. Kwa hiyo shemeji alipatia India. Tangu siku hiyo hatujapumzika.

Nikaupa udongo wa kichuguu, mchanga na samadi kuukuu, nikauweka penye kivuli chepesi cha mwembe. Masika yote ulichanua bila kuchoka. Ikaja Julai. Watu wa mbali wanadhani Kongo nzima ni joto. Waje Katanga usiku wa kiangazi, walale bila blanketi. Mmea huu hauvumilii baridi, ukaanza kupukutisha majani. Jirani akasema nimerogwa. Mwingine akashauri niumwagie munkoyo upate nguvu. Munkoyo niliunywa mimi, chungu cha mmea nikakiingiza ndani. Mke wangu akakata mashuke makavu, akayatandaza kwenye sinia juu ya kabati: mbegu za akina mama wa kanisa.

Miezi ikapita, sinia kimya. Oktoba, mama mkwe akaja kutoka Kolwezi, akatandikiwa sebuleni, karibu na kabati. Usiku huohuo mvua ya kwanza ikapiga, na bati letu likavuja penye tundu lake la kila mwaka.

Pa! Kimya. Pa-pa! Kitu kikagonga ukuta.

"Mukwe!" sauti ikatoka gizani. "Munafuga nini humu?"

"Ni panya tu, mama."

"Panya haitupake majiwe, mukwe."

Kufumba na kufumbua nyumba nzima iko macho. Shemeji ameshika mchi, mama mkwe ameshika Biblia, nami nimesimama mlangoni, maana kumwingilia mama mkwe akiwa na nguo za kulalia ni balaa kuliko uchawi. Ganda la mbegu za Crossandra likishakauka hukaa limejikaza. Likiguswa na maji hupasuka vipande viwili, na vijindoana vilivyoshikilia mbegu huzirusha mbali. Jaribu kumweleza hayo mama mkwe saa nane za usiku, huku sinia linaendelea kufyatua.

Aliondoka alfajiri. Mbegu moja ilikwenda naye kwenye kilemba, na sasa Kolwezi kuna ua la chungwa ambalo kwetu halijawahi kuchanua vizuri hivyo.

Msomaji, ukitaka kuanza, kata ncha isiyo na ua, urefu wa kidole, uichomeke kwenye mchanga wenye unyevu mvua zinapoanza. Mbegu nazo hifadhi pakavu, mbali na bati linalovuja, na mbali zaidi na mama mkwe.